Bibi wa Mikindani

Nimerudi sasa hivi toka Mikindani, kule Mtwara, si mnajua niko kwenye utafiti wa watoto wa kuasili.

Leo nimemuuliza bibi mmoja, huyu mjukuu ulimwasili lini?

Akaniangalia. "Kuasili ndo nini mwanangu? Mi nimemlea tu, tangu ana wiki mbili, mama yake alipofariki."

Nikamweleza kuna Sheria ya Mtoto ya 2009, unaenda mahakamani, mtoto anakuwa wako kisheria kabisa.

Kanyamaza, kaingia ndani, katoka na kadi ya kliniki imekunjwa mpaka imechanika katikati, jina la mama lishafutika.

"Na hii haitoshi?"

Jamani nilishindwa kuandika, peni mkononi natazama tu ile kadi.

Nyie mliolelewa na bibi, kwenu kuna karatasi yoyote?