Siku moja maishani mwangu: dhahabu iliyozidi jiwe lake

Mimi ni mhandisi wa uchenjuaji madini, na kazi yangu iko katikati ya watu wawili ambao mara nyingi hawaonani: mjiolojia anayeleta choronge, yaani vipande virefu vya mwamba, kutoka kwenye mashine ya kuchoronga akitaka kujua mwamba wake umebeba nini, na mhandisi wa mtambo anayetaka kujua kilichobebwa humo kitatolewaje. Siku ninayoisimulia ilihusu mfuko mmoja wa mbale za dhahabu, yaani mawe yenye dhahabu. Ripoti ya kwanza ya maabara ilisema mbale hizo zina wastani wa gramu 2.05 kwa tani, uliotokana na vipimo viwili vya tanuri, yaani vya kuyeyusha unga wa jiwe kwa moto, kimoja kikisoma 1.94 na kingine 2.16. Vipimo vilivyokaribiana namna hiyo humpa mtu imani, nami niliviamini.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi

Nilifika kabla ya wenzangu kwa sababu chupa zangu zilikuwa zimezunguka usiku kucha. Jaribio lenyewe ni rahisi kulieleza: kilo moja ya mbale zilizosagwa hadi asilimia 80 ya unga ipite kwenye chekeche la mikroni 75 huwekwa kwenye chupa pamoja na lita moja na nusu ya maji yenye sianidi, kisha chupa hulazwa juu ya rola na kuviringishwa kwa saa 48 huku mdomo wake ukiachwa wazi ili hewa iingie. Oksijeni ni mshirika wa lazima katika kuyeyusha dhahabu, na bila hiyo sianidi peke yake haifiki mbali. Ndugu wawili Forrest pamoja na MacArthur waliisajili njia hii mjini Glasgow mwaka 1887, na mpaka leo migodi mingi ya dhahabu duniani inaitegemea.

Kabla ya kugusa kitu kingine nilipima pH, yaani kipimo cha asidi na alkali ambacho chokaa hukipandisha, nikapata 10.6. Kijana aliye mafunzoni aliingia wakati huo akaniuliza, "Mhandisi, kwa nini chokaa lazima itangulie sianidi kila mara?" Nilimjibu kwa kirefu, kwa kuwa swali hilo ni la uhai. Rojo likishuka hadi pH ya 9.2, nusu ya sianidi huwa imekwisha kugeuka kuwa haidrojeni sianidi, ambayo huruka kama gesi na kuua. Kwa hiyo chokaa kwanza, pH ipimwe, ndipo sianidi ifuate, chini ya kabati la kuvuta hewa na pasipo mtu kuwa peke yake. Nilimtaka anirudishie utaratibu huo kwa maneno yake mwenyewe, akaurudisha bila kukosea.

Saa mbili kamili asubuhi

Saa 48 zilitimia, tukasimamisha rola. Nilichuja rojo, nikaosha mabaki mara tatu kwa maji ili dhahabu iliyoyeyuka isibaki imejificha kwenye unyevu wa visusu, ndiyo mabaki hayo, kisha visusu vikaingia kwenye oveni ya kukaushia. Sianidi iliyosalia niliipima kwa kudondosha nitrati ya fedha tone baada ya tone. Rangi ya kiashirio hukaa manjano kwa muda mrefu, halafu tone moja tu huigeuza kuwa ya waridi iliyofifia, na mkono usipokuwa mtulivu tone hilo hupita. Nilirudia mara mbili mpaka majibu yakalingana.

Saa nne asubuhi

Mashine ya ufyonzaji wa atomu, inayopima dhahabu iliyoyeyuka kwenye maji, ilisoma miligramu 1.92 za dhahabu kwa lita. Nilizidisha kwa lita moja na nusu, nikaongeza kiasi kidogo kilichotoka na sampuli za njiani, nikapata miligramu 3.02 kutoka katika kilo moja ya mbale. Gramu kwa tani na miligramu kwa kilo ni kitu kilekile, na ripoti ilisema kilo hiyo ina 2.05. Kwa hesabu hiyo nilikuwa nimetoa asilimia 147 ya dhahabu iliyokuwamo, na hapo visusu bado vilikuwa havijapimwa.

Jiwe halitoi zaidi ya lilichonacho. Nilianza kwa kujishuku mwenyewe: niliirudisha mashine kwenye vimiminika vya kulinganishia, vikasoma sawasawa, nikapima maji ya chupa tupu iliyozunguka pamoja na nyingine bila mbale, yakasoma sifuri, nikaangalia daftari la kinu nione kama mchanga safi wa kwatzi ulisagwa kabla ya sampuli yangu ili kuondoa mabaki ya sampuli iliyotangulia, nikakuta ulisagwa. Wapo wanaoifuta ripoti ya kwanza kimyakimya wakifika hapa na kuweka mahali pake jumla ya dhahabu iliyotoka na iliyobaki, ili asilimia zikae vizuri. Sikubaliani nao hata kidogo. Namba mbili zinazogombana ni taarifa kuhusu jiwe, na anayeficha moja kati yake ameifuta taarifa hiyo.

Saa tano asubuhi

Kama kosa halikuwa letu, basi lilikuwa katika ukubwa wa punje. Punje ya dhahabu yenye kipenyo cha milimita 0.2 tu ina uzito wa takribani miligramu 0.08. Kipimo cha tanuri huchukua gramu 50 za unga. Punje hiyo moja ikiingia, kipimo kinapanda kwa gramu 1.6 kwa tani, na isipoingia, kipimo hakitajua kamwe kwamba ilikuwapo. Vipimo viwili vinaweza kukubaliana kabisa kwa sababu vyote viwili viliikosa.

Nilichukua kilo nyingine iliyotengwa kutoka kwenye mfuko uleule, tukaisaga na kuipitisha yote kwenye chekeche la mikroni 106. Dhahabu haivunjiki kwenye kinu kama kwatzi. Hubondeka na kuwa bapa, na bapa hilo hugoma kupita kwenye tundu la chekeche. Gramu 28 zilibaki juu. Kabla ya kuzipeleka kwenye tanuri nilizimimina kwenye sinia jeusi, nikaongeza maji na kulitikisa taratibu. Unga mwepesi ukasogea mbele, na nyuma yake ukabaki mkia mfupi wa rangi ya manjano. Nilimwita kijana yule, nikalikinga sinia kwa kiganja ili kivuli kiangukie juu yake: pairiti, madini ya manjano yanayofanana na dhahabu, ilizimika, manjano yale hayakuzimika. Chini ya lenzi zilionekana vipande sita au saba, kingo zake zimejikunja kama jani lililokaushwa na jua, na kimoja kikiwa bado kimeshikilia chembe ya kwatzi. Hakusema neno kwa muda, nami pia sikuwa na haraka ya kuliondoa sinia hilo.

Maji yakakaushwa, na kila chembe ikarudishwa kwenye fungu lake.

Saa saba mchana

Tanuri lilikuwa na nyuzi 1,080 za Selsiasi. Tulichanganya mafungu yote, yaani gramu 28 za juu ya chekeche zikiwa nzima, vipimo viwili vya unga uliopita na vipimo viwili vya visusu, kila kimoja na oksidi ya risasi, magadi, boraksi, silika na unga wa ngano. Ngano humshangaza kila mgeni, lakini kaboni yake ndiyo inayoirudisha oksidi kuwa risasi, na risasi hiyo hushuka kama mvua ndani ya kioevu ikikusanya dhahabu njiani. Baada ya saa moja tulimimina, tukagonga gaga, yaani takataka zilizoganda kama kioo, kwa nyundo, na vifundo vya risasi vikaingia kwenye vikombe vinavyofyonza risasi na kuiacha dhahabu, kwa nyuzi 950.

Saa kumi na moja jioni

Fungu la juu ya chekeche lilitoa miligramu 1.42 za dhahabu. Gramu 972 zilizopita zilisoma 2.10 kwa tani, sawa na miligramu 2.04, karibu sana na ripoti ya kwanza. Jumla ni 3.46 kwa tani. Sehemu isiyofika asilimia 3 ya uzito wa mbale ilikuwa imebeba asilimia 41 ya dhahabu yake. Visusu vya chupa vilisoma 0.58, nikijumlisha na 3.02 iliyoyeyuka napata 3.60, namba inayokaa vizuri jirani na 3.46, na utoaji halisi ni asilimia 84.

Mchoro wa uyeyukaji nao ukaeleweka. Dhahabu ya punje ndogo kwa kawaida humaliza kuyeyuka ndani ya saa 24, lakini wangu ulikuwa bado unapanda kati ya saa ya 24 na ya 48, kutoka miligramu 2.55 hadi 3.02. Zilikuwa punje nene zikiendelea kuliwa polepole kuanzia nje.

Saa moja usiku

Nilimwandikia mjiolojia nikimweleza namba zote mbili na sababu ya kutofautiana kwake, nikamwomba vipande vyote vya choronge katika ukanda ule vipimwe upya kwa njia ya chekeche, kuanzia vile vilivyowekwa kando kama vyenye dhahabu haba. Inawezekana kwa sababu nusu ya kila choronge imehifadhiwa kwenye masanduku. Nakumbuka kila mara kisa cha Busang nchini Indonesia, ambako choronge karibu yote ilisagwa badala ya kupasuliwa na nusu kutunzwa, na mwaka 1997 ikathibitika kwamba sampuli zilikuwa zimetiwa dhahabu. Nusu iliyotunzwa humlinda mwekezaji dhidi ya udanganyifu, na humlinda mjiolojia mwaminifu dhidi ya kipimo kilichokosa punje.

Alijibu baada ya dakika chache: "Mhandisi, ukanda huo niliushusha daraja wiki iliyopita. Kesho asubuhi nafungua masanduku."

Kabla ya kuondoka nilitenga kilo kumi za mbale zilezile kwa jaribio la kukamata dhahabu kwa uzito wake kabla ya sianidi, na nusu kilo ya visusu kwa ajili ya hadubini, kwa maana 0.58 iliyobaki inaweza kuwa punje nene ambazo hazikumaliza kuyeyuka au dhahabu iliyofungwa ndani ya pairiti. Dawa ya hali ya kwanza ni kuzikamata mapema, na ya pili ni kusaga zaidi au kuichoma pairiti, kwa hiyo sitamwambia mhandisi wa mtambo lolote mpaka nimeviona. Kijana aliandika lebo za mifuko yote miwili kwa mwandiko wake, tarehe, uzito na ukubwa wa chekeche, nami nikazisoma kwa sauti moja baada ya nyingine huku yeye akilinganisha na daftari.