Rais akituomba, na sisi tuna letu la kuomba

Mimi hotuba za rais husikiliza mpaka mwisho, nyumbani wanacheka wanasema huyu atafuta kazi serikalini, lakini utamu uko mwisho pale. Siku kama Madaraka au Jamhuri asoma kwanza ile karatasi ya Kizungu, ndefu, asilimia juu ya asilimia, akimaliza aiweka kando ageukia Kiswahili na hapo ndo utasikia anachotaka kwako wewe. Jiandikisheni SHA, ile bima ya afya ya serikali. Pelekeni watoto shule. Pandeni miti.

Sisi wa Mombasa maombi haya twayapata moto moto maana Ikulu iko hapa Kizingo, ile ile aliyofia Mzee Kenyatta 22 Agosti 1978. Rais akishuka pwani twajua kabla ya taarifa ya habari, askari kila kona, tuktuk zasukumwa pembeni, ving'ora, alafu kesho yake akata utepe huku, aweka jiwe la msingi kule, na njiani atokeza juu ya gari na kipaza sauti. Hilo mie sina neno nalo, ni kazi yake. Wazee wa baraza hapa watakwambia Moi akisema tuzuie mmomonyoko wa udongo alikuwa abeba mawe mwenyewe, ukibisha utanyimwa kahawa.

Shida yangu ni ombi likishaombwa lafuatwa na nini. Chukua hii ya miti. Mwisho wa 2022 rais Ruto alisema tupande miti bilioni 15 ifikapo 2032. Haya piga hesabu, Wakenya milioni 50 hivi, ni miti 300 kila mtu, na kitoto cha wiki moja kimo humo. 13 Novemba 2023 tukapewa na likizo kabisa tukapande, na mtaani kwetu watu walitoka wallahi, vijana na majembe, kina mama na miche ya mwarobaini, picha zikajaa kwenye status. Mvua za vuli zilikuwepo kwa hivyo mwezi wa kwanza mambo safi. Ikaja kaskazi. Jua lile walijua, na mfereji wetu maji yaja siku yakijisikia, twanunua mitungi ya lita 20 kwa mkokoteni, sasa hebu niambie huo mtungi nimwagie mche ama niogeshe mtoto? Iliyobaki mbuzi wa mtaa wakamalizia. Kuna mmoja niliung'oa ushakauka, ile karatasi nyeusi ya kitalu bado imebana mizizi, yaani aliyepanda hata kuichana hakuichana, alikuwa na haraka ya picha.

Na si kwamba sisi ni wabishi, mifuko ya plastiki 2017 tuliacha, ila ile ilikuja na faini ya mamilioni na jela. Mti hauna faini, una ombi tu, basi ombi lataka lipimwe na mahali. Mtu wa Nyeri na mtu wa Mombasa hamwezi kuwaomba kitu kimoja.

Hapa tuombwe mikoko bwana! Mkoko haungoji mkokoteni, bahari yenyewe yaumwagilia mara mbili kwa siku. Mbegu zake zingine zaota zikiwa bado juu ya mti, ndefu kama kalamu, waiokota waichomeka kwenye tope basi, ushapanda. Tudor, Mikindani, Jomvu kote huko yamea, na kaa na kamba wadogo wakulia mizizini humo, mvuvi yeyote atakwambia.

Lingine, katiba kifungu cha 132 yamtaka rais ahutubie bunge kila mwaka, aeleze nchi imefika wapi. Mle ndani atie mstari mmoja tu: miche mingapi iko hai. Sio iliyopandwa, iliyo hai.

Hii 10 Oktoba, ambayo zamani ilikuwa Moi Day ikawa Utamaduni na sasa ni Mazingira Day, hata kalenda ishachoka, mie jembe sishiki. Ntavaa bukta niingie topeni Tudor maji yakipwa, na kama rais yuko Kizingo siku hiyo na ana nafasi avue viatu aje, si mbali, na ving'ora aviache nyumbani.