Kuchimba kulikwisha mapema: nilivyounda mkono wa kuchota udongo wa Mirihi

Nilitaka kifaa cha mezani ambacho vijana wa klabu ya sayansi wangekiendesha wenyewe: mkono wa roboti unaochimba udongo, unaunyanyua, kisha unautia kwenye tundu la maabara ndogo, kama vifanyavyo vyombo vinavyotua Mirihi. Picha za vyombo hivyo hupenda kuonyesha mitaro iliyochimbwa, kwa hiyo mtu hudhani kuchimba ndiyo kazi yenyewe. Kwangu kuchimba kulikwisha mapema. Muda uliobaki wote uliliwa na sentimita chache za mwisho, zile zilizo kati ya kichoteo na tundu.

Niliamua kuiga Phoenix. Chombo hicho kilitua tarehe 25 Mei 2008 kwenye tambarare za kaskazini ya Mirihi, karibu na nyuzi 68 za latitudo, ambako barafu imefunikwa na udongo wa sentimita chache tu. Mkono wake ulikuwa na urefu wa mita 2.35 na miondoko minne: bega kugeuka kushoto na kulia, bega kupanda na kushuka, kiwiko kukunjuka, na kifundo kuinamisha kichoteo. Minne inawezekana. Mota nne ndogo za sevo, zile zinazogeuka hadi pembe unayoziamuru, zinatosha, na bodi ya kuziendesha haihitaji ufundi mkubwa. Wangu niliutengeneza kwa vipande vya alumini, mfupi kuliko ule wa asili, na kichoteo nikakikunja kwa bati jembamba. Nyuma yake nilifunga mota ya mtetemo, ile inayotikisa simu ikiita.

Udongo ulinichukua muda kuliko mkono. Mchanga mkavu haufai kabisa kwa zoezi hili, kwa sababu unateleza vizuri na kila kitu kinaonekana rahisi. Nilisaga basalti, yaani mwamba wa volkano, mpaka ikawa vumbi, nikachanganya na chumvi ya magnesi salfeti kidogo, nikanyunyizia maji, nikaacha ikauke nusu. Najua hakuna anayenyunyiza maji kule Mirihi. Nilichokuwa nakitafuta ni mnato, si kemia.

Maabara yangu ni kopo lililofunikwa wavu wa matundu ya milimita 1, kipimo kilekile cha wavu uliokuwa juu ya vijitanuri vya Phoenix. Chombo kile kilikuwa na vijitanuri vinane, kila kimoja cha kutumika mara moja tu, na sampuli iliweza kupashwa moto hadi nyuzi 1,000 za Selsiasi huku gesi zinazotoka zikipimwa. Wavu ulikuwa wa kuzuia kokoto zisiingie. Mkono wangu ulichota vizuri, ukapanda, ukageuka, ukamwaga. Bonge zima likakaa juu ya wavu na kutulia hapo, bila hata chembe kupita.

Nilifurahi sana, maana hicho ndicho kilichowapata timu ya Phoenix wenyewe. Mwanzoni mwa Juni 2008 Phoenix ilimwaga udongo wake wa kwanza juu ya kijitanuri, kamera ikaonyesha rundo limejaa juu ya wavu, lakini ndani hakikuingia kitu. Waliutikisa wavu tena na tena kwa siku kadhaa, hadi tarehe 11 Juni wakatangaza kwamba kijitanuri kimejaa. Uvutano wa Mirihi ni asilimia 38 tu ya ule wa Dunia. Chembe inavutwa chini kwa nguvu ndogo, lakini kunata kwake na jirani yake hakupungui kwa sababu hiyo. Jambo hili siwezi kuliiga mezani, na huwaambia vijana wazi kwamba sisi tunacheza kwa upendeleo.

Baada ya hapo timu ya Phoenix iliacha kumwaga ikaanza kunyunyiza. Kichoteo kinainamishwa kidogo tu juu ya tundu, halafu mota ya tupa ya umeme iliyofungwa nyuma yake inawashwa ili itetemeshe kila kitu, na chembe zinatambaa hadi ukingoni na kudondoka kidogokidogo. Nilipojaribu hivyo, udongo wangu ulipita mara moja. Kilichobaki ni kutafuta mwinamo. Ukiinamisha sana, bonge linaporomoka lote. Ukiinamisha kidogo mno, chembe zinacheza palepale zilipo. Nimeona pia kwamba mtetemo mfupi wenye vipumziko hushinda mtetemo mrefu, kwa sababu mtetemo mrefu unaushindilia udongo chini ya kichoteo ukawa mgumu zaidi. Kingo za bati lazima zipigwe msasa. Mkwaruzo mdogo tu mdomoni unatosha kushika donge.

Halafu nikagundua kwamba watu wa Viking, vyombo viwili vilivyotua Mirihi mwaka 1976, walikuwa na jibu lao tangu wakati huo. Kichwa cha mkono wao kilikuwa na kifuniko chenye matundu ya milimita 2. Kikishachota kilijifunga, kikageuzwa juu chini na kutetemeshwa, na laini tu ndiyo iliyopita. Yaani kichoteo chenyewe ndicho chekeche. Nilitengeneza kichwa cha pili kwa mtindo huo, na kusema kweli nakipenda kuliko cha kwanza, ingawa kinahitaji mota moja zaidi. Fimbo ya Viking ilikuwa na ujanja wake pia: tepe mbili za chuma chembamba zilizounganishwa kingoni, zinalala bapa zikiviringishwa na kutuna zikitoka nje, hadi kufikia mita 3 hivi. Niliijaribu kwa tepe mbili za kupimia nilizozifunga zikitazamana. Inasimama, ila inayumba mno kwa kazi ya kulenga tundu dogo.

Kisa cha pini ya Viking 1 ndicho kilichonipa namna ya kuendesha zoezi. Siku za kwanza mkono ule ulikwama. Wahandisi waliurudia mkwamo huo duniani kwenye chombo pacha, wakaona kuna pini ya kufungia ambayo haikudondoka, wakatuma amri ya kuurefusha mkono zaidi, na pini ikaanguka. Hakuna aliyekuwepo kuigusa. Ishara ya redio huchukua kati ya dakika 3 na 22 kwenda upande mmoja, kutegemea sayari zilivyokaa, kwa hiyo huwezi kuendesha mkono kama mchezo wa kompyuta. Unaandika orodha ya amri za siku nzima, unaituma, unangoja picha.

Basi mkono nauweka nyuma ya pazia. Kundi linaandika orodha yake yote, linanikabidhi, naipitisha kwenye programu, kisha narudisha picha mbili au tatu tu. Hapo ubishi unapamba moto. Kuna kundi lililokataa kuchimba kabla ya kugusa: waliomba mkono ushuke taratibu huku programu ikipima umeme unaotumiwa na mota ya kiwiko, na umeme ukipanda ghafla mkono usimame. Niliichukua amri hiyo, na sasa ipo kwenye programu kwa makundi yote. Imeokoa meno kadhaa ya gia.

Barafu niliiongeza baadaye. Ule mchanganyiko nikiulowesha na kuugandisha, bati linateleza juu yake bila kuacha alama. Phoenix ilikuwa na ile tupa kwa ajili hiyo, ya kukwangua udongo ulioganda na kurusha unga wake ndani ya kichoteo. Mimi niliweka biti ndogo ya keekee nyuma ya kichoteo. Inakwangua, lakini unga wa barafu unang'ang'ania bati, na hata kunyunyiza hakusaidii. Phoenix nayo ilihangaika hivyohivyo Julai 2008, udongo wenye barafu ukigoma kutoka kwenye kichoteo. Kilichofaulu ni udongo uliokuwa umekaa wazi na kupoteza sehemu ya barafu yake. Sampuli hiyo iliingia, na tarehe 31 Julai wakatangaza kwamba kijitanuri kimepima mvuke wa maji. Kwangu kusubiri kidogo kichoteo kipate joto kunatosha, ila ukizidisha unabaki na tope, na tope ni balaa kuliko barafu.

Sasa hivi vijana wanataka fuko, yaani kifaa cha kujichimbia ardhini kama mnyama wa jina hilo, kama kile cha InSight, chombo kingine kilichotua Mirihi, kilichotakiwa kujigongea hadi mita 5 chini. Udongo wa pale ulikosa msuguano wa kukishika, wakalazimika kukisukuma kwa kichoteo, na Januari 2021 wakaachana nacho kikiwa kimezama juu tu. Nimewaambia tutajaribu, lakini kwanza nipate mota ya bega yenye nguvu zaidi. Hii niliyonayo inainua kichoteo vizuri, ila ukiitaka ibonyeze kitu chini, inanyanyua meza upande mmoja.