Sanamu Iliyokosa Deheni

Mimi ni fundi mashua hapa Bagamoyo, na makumbusho hunichosha kufika chumba cha tatu. Lakini mpwa wangu anasoma Napoli, na nilipomtembelea alishikilia: "Mjomba, hii ya Baia, karibu na hapa Napoli, utaipenda."

Ni ngome juu ya jabali, ya wafalme wa ukoo wa Aragon, mwishoni mwa karne ya 15. Leo imejaa vitu vya Warumi. Ngazi, ngazi, ngazi! Goti lilikuwa limeshagoma nilipofika kwenye sanamu zilizoopolewa baharini. Ardhi ya kule hupanda na kushuka kwa sababu ya volkano iliyo chini, ndivyo ukumbi wa karamu wa Kaisari Claudius ulivyozama.

Mmoja amebeba kiriba cha mvinyo. Mwili wake umetoboka vishimo vishimo, kidole kinaweza kuingia (sikugusa, mlinzi alikuwa ananitazama). Kazi ile naijua, nimeiona kwenye mkuku wa majahazi mengi yaliyokosa deheni, ule mchanganyiko wa mafuta tunaopaka chini ya chombo kuzuia wadudu watoboao mbao. Ila sikujua baharini kuna viumbe wanaotoboa hata marumaru! Mpwa akasema ni jamii ya kome. Palipofunikwa na mchanga pamebaki laini kama sabuni.

Na kwetu hapa, kwenye magofu ya kale ya Kaole, nguzo za makaburi zimesimama kwenye jua na chumvi, nami hupita pale bila kugeuza shingo.

Jana niliwaonyesha vijana picha gengeni. Mmoja akauliza, "Mzee, huyu alikosa deheni miaka mingapi?"