LM35 kwenye Arduino Uno: nilivyoondoa usomaji wa kurukaruka

Mashine ya kutotolesha vifaranga inataka nyuzi 37.5, na ukikosea nyuzi moja siku kadhaa mayai hayakusamehe.

LM35, yaani sensa ya joto, niliiunganisha na Arduino Uno (bodi ndogo unayoiandikia programu) hivi: upande bapa ukikutazama, mguu wa kushoto uende 5V, wa kati A0 (pini ya kusoma volti), wa kulia GND (upande hasi). Ukigeuza, sensa inapata moto wa kuunguza kidole. Chomoa USB kwanza, ndipo uishike.

Kwa kila nyuzi sensa hutoa milivolti 10, hivyo 37.5 ni milivolti 375. Uno kwa kawaida hugawa volti 5 kwa hatua 1024. Hatua moja ni kama milivolti 4.9, karibu nusu nyuzi. Ndiyo maana skrini ilionyesha 37.1, 37.6, 37.1, katikati hamna kitu. Tena volti 5 za USB si 5 kweli. Zikishuka hadi 4.75 na programu ikaendelea kuhesabu 5, utasoma zaidi ya 39 na taa ya kupasha mayai joto itazimwa mapema.

Kwenye setup(), sehemu ya programu inayoendeshwa mara moja mwanzoni, niliweka analogReference(INTERNAL), yaani Uno ipime kwa kulinganisha na volti 1.1 za ndani ya chipu badala ya 5. Sasa hatua ni milivolti 1.1 hivi, sehemu ya kumi ya nyuzi. Ila hizo volti 1.1 ni za kwenye karatasi: chipu inaweza kutoa popote kati ya volti 1.0 na 1.2. Nilipima pini ya AREF, inakoonekana volti hiyo, kwa multimeta baada ya analogRead (amri ya kusoma pini) ya kwanza, nikapata 1.083:

joto = wastani * 1.083 / 1024 * 100;

Wastani ni wa masomo 20, na uwe float (namba yenye desimali), la sivyo desimali zinapotea. Masomo machache ya mwanzo niliyatupa. AREF usiiunganishe na 5V hata kidogo.

Waya wa mita moja na nusu ulirudisha fujo, kwa sababu LM35 haivumilii kapasitansi (chaji inayohifadhiwa na waya) inayozidi pikofaradi 50. Rizista ya kilo-ohmu 2 kwenye mguu wa kati, pale pale kwenye sensa, ilituliza.

Kuhakiki kwa barafu ni kupoteza muda: kwa waya hizi tatu LM35 haishuki chini ya nyuzi 2. Nilitumia maji ya vuguvugu na kipimajoto cha homa cha kidijitali, miguu ya sensa ikiwa imezibwa kwa epoksi. Ilizidi kwa 0.4, nikatoa kwenye hesabu. Kisha nikaining'iniza usawa wa juu ya mayai, mbali na mwanga wa taa.