Nilivyoripoti data zilizopikwa Pangani

Ukitaka kujua kama data za wavuvi zimepikwa, zilinganishe na mwezi wa angani. Mvuvi wa Kipumbwi hapati samaki sawasawa siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, na Ijumaa mchana humkuti pwani, yuko msikitini. Katika mradi niliokuwa nikitunza takwimu zake hapa Tanga, wadadisi wawili walituletea wavuvi wanaovua kilo zilezile mwezi mzima, tena waliohojiwa Ijumaa saa saba mchana.

Nikafungua kumbukumbu za vishikwambi. Dodoso letu hata ukikimbia halimaliziki chini ya nusu saa. Ya kwao yalijazwa kwa dakika chache, moja nyuma ya jingine. GPS za "Kipumbwi", "Ushongo" na "Mkwaja" zote zilisoma Pangani mjini, kabla hata ya kuvuka mto kwa kivuko kwenda vilipo vijiji hivyo. Umri nao ulinitia shaka kwa unadhifu wake. Wazee wetu ukiwauliza watakwambia sitini, sabini, "hamsini na tano hivi", ndiyo maana takwimu za kweli hujaa 0 na 5 mwishoni. Anayebuni hukwepa namba hizo akihofia zitamuumbua, basi nikawa na vijiji vizima vya watu wa miaka 47, 53 na 38.

Wadadisi sikuwauliza lolote. Nilinakili kwanza data ghafi kutoka kwenye seva, kabla mtu hajazigusa, nikaandika tarehe. Kisha nikaenda Kipumbwi kwa ukaguzi wa marudio, ambao ulikuwamo kwenye mpango wa utafiti tangu mwanzo. "Mwanangu, hapa tangu Ramadhani hajaja mtu kuuliza kitu," aliniambia mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu. Kwenye data zetu alikuwa amejibu kila swali, na fomu ya ridhaa ina dole gumba lake.

Kiongozi wa mradi alitazama majedwali yangu akasema, "Binti, safisha tu hizo rekodi, makala imeshatumwa." Kusafisha data ni kazi halali, yeye alichotaka ni nifute ushahidi. Sikubishana. Jioni nilimwandikia barua pepe: "Shikamoo Profesa. Kama tulivyozungumza leo..." ili maneno yake yapate tarehe. Halafu nikaenda kamati ya maadili ya utafiti.

Taarifa yangu ilikuwa fupi na kavu: rekodi zipi, saa zipi, na kipi sijakithibitisha. Sikuandika kwamba fulani kadanganya; hilo ni la kamati kuamua. Majina ya wavuvi niliyaondoa, kwa sababu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu na wao. Kilichonipa moyo ni kisa cha Diederik Stapel, profesa wa Chuo Kikuu cha Tilburg, Uholanzi, aliyekuwa akipika data. Mwaka 2011 aliumbuliwa na watafiti vijana wa idara yake mwenyewe, waliokusanya ushahidi kimyakimya kwanza.

Makala iliondolewa kabla ya kuchapishwa, nami nikabadilishiwa msimamizi. Profesa hajanisamehe. Wale vijana wawili waliachishwa kazi, na hapo sikukubaliana na kamati kwa yote: walikuwa wakilipwa kwa idadi ya madodoso, nauli ya kwenda ng'ambo wakijitolea wenyewe mfukoni. Hilo nalo nililiandika kwenye taarifa. Mradi sasa unalipa kwa siku, nauli kando, na saa na GPS hukaguliwa kila jioni wadadisi wakiwa bado uwandani.