Paa huyo au paa hilo?

Mi ikigonga saa sita usiku nakuwa macho, sio kwa maombi wala mpira, nasubiri Connections. Ile gemu ya New York Times. Kama hujawahi kuicheza ni hivi, unapewa maneno 16, ndani yake yamejificha makundi manne ya maneno manne manne, kazi yako kujua yapi yanaenda pamoja na kwanini. Ukikosea mara nne umekwisha. Njano ndo rahisi, afu kijani, afu bluu, zambarau ndo ya kukutoa jasho. Inabadilika saa sita usiku ya huko huko uliko, kwa hiyo sisi wa Dar tunaipata masaa saba au nane kabla ya wenyewe wa New York, na raha ninayoipata kwa hilo tu hata siwezi kuieleza.

Ila ni gemu ya Kimarekani haswa. Lile fumbo la kwanza kabisa, la tarehe 12 Juni 2023, lilikuwa na RAIN, SNOW, HAIL, SLEET, afu humo humo wamechomeka HEAT. Sasa we wa Temeke unaona HEAT unasema hii si joto hii, hali ya hewa, unaipeleka kwa mvua. Kumbe ni timu ya kikapu ya Miami, inakaa na JAZZ, NETS na BUCKS! Kundi jingine lilikuwa KAYAK, LEVEL, MOM, RACECAR, ukiyasoma kinyumenyume ni yaleyale. Hilo angalau halihitaji uwe umekulia kwao.

Basi wiki iliyopita nikasema ngoja nitengeneze la Kiswahili nitupie kwenye grupu la familia. Ndo nikagundua kwamba Kiswahili neno halitembei peke yake. Mbuzi huyu ni wa supu, mbuzi hii ni ya kukunia nazi. Paa huyu yuko porini, paa hili linavuja. Yani sisi hatuchanganyikiwi kwa sababu hayo madogodogo ya pembeni yanatuambia kila kitu, sasa ukiyaondoa ukaliacha neno peke yake limesimama tu hapo, linakuwa mtego. Yale yenye ki- na m- mbele hayafai sana yanajitaja yenyewe, yanayofaa ni haya mafupimafupi. Nikapanga hivi, na kama unataka kujaribu usisome chini kwanza:

tai, kata, panda, pweza
kanzu, paa, mbuzi, taa
kinu, shuka, kanga, kaa
ngisi, kofia, meza, chungu

Mpwa wangu wa kidato cha nne akaja mbio, mbuzi, paa, kanga, tai, wanyama! Hamna. Akatoa tai akaweka kaa. Hamna. Nikacheka peke yangu kwenye daladala mpaka watu wakageuka, maana kundi la wanyama wa nchi kavu halipo kabisa, nimewatawanya makusudi. Dada akaandika, "Mdogo wangu, paa huyo au paa hilo?" Nikamwambia dada nikikujibu hapo si nimekupa jibu lenyewe.

Mama haandiki, anatuma voisi. Akatuma ya sekunde kama sita hivi, "Mbuzi, kata, chungu, kinu. Hivyo vyangu mwenyewe."

Sawa kabisa. Mpwa akang'aka, bibi kata si ya diwani? Mama akacheka weee, akamwambia kata ya kuchotea maji mjukuu wangu, kifuu cha nazi unakitia mpini, diwani atakuchotea nini. Afu kabla hatujatulia voisi nyingine, kaa, taa, pweza, ngisi. Mtoto hajui kama taa ni samaki! Mama kakulia Tanga, baba yake alikuwa anawaleta nyumbani, hapo nilikuwa nimeshapigwa.

Alikosea sehemu moja tu, kwenye nguo. Kanzu, kofia, kanga, akamalizia na shuka, na sio kosa la kijinga maana shuka watu wanajifunga kweli, ila kwake tai ni ndege tu basi. Dada ndo akashtuka, tai ya shuleni! Kwa hiyo zikabaki panda, shuka, meza, paa, na bado wakabishana nusu saa nzima kwamba meza na paa ni vitu vya nyumba panda inatafuta nini humo, mpaka shemeji aliyekuwa kimya siku nzima akasema hizo ni amri jamani. Panda, shuka, kama konda. Meza dawa. Paa, nenda zako juu. Wakaninunia kidogo.

Sasa imekuwa kesi. Kila alfajiri mama akishamaliza kuswali voisi inaingia, "La leo liko wapi?" na mi nina kazi za watu. Leo nimewapa jipya, tatu wameshazitoa, wamekwama na ada, ini, aga na ama. Mpwa wangu amekasirika anasema hayo hayahusiani popote, moja hela, jingine la kukaanga, nimebabaisha. Nimemwambia ayasome tena, ila asianzie alikozoea kuanzia.